Mgongo wa Likwata Mbele ya Halmashauri

Mastura binti Abilahi alizaliwa Mitwero, mtoto wa fundi cherehani, na mpaka anaingia chuo kikuu hakuwahi kuona mtu mzima akipigwa hadi ajikojolee. Aliliona hilo mwaka wa sabini na tano, katika kijiji kipya cha ujamaa nje kidogo ya Kiranjeranje, alikotumwa na chuo kuchunguza kwa nini watu wengine huendelea kuumwa mwaka mzima baada ya jeraha kupona.

Majeraha yalikuwapo tele. Mwaka uliotangulia, mgambo waliwatoa watu vitongojini kwa moto na marungu, wahamie kijijini. Huko Nakihu, kimojawapo cha vitongoji hivyo, mzee Likwata aling'ang'ania mwimo wa mlango wake huku makuti yakiwaka juu ya kichwa chake, na Hasani, kamanda wa mgambo, akamtandika kiunoni kwa kitako cha bunduki mara tatu. Mfupa haukuvunjika. Uvimbe ukaisha kabla ya Ramadhani. Lakini kila zamu yake ya shamba la kijiji ilipofika, mgongo ulikaza, akaanguka kwenye matuta, na Hasani akamwinua kwa fimbo. Kwa kuwa hospitali hawakuona kitu, kijijini alihesabiwa mvivu.

Mastura alikuwa akiwapa wagonjwa punje kumi za mtama, kila mmoja apange nyingi kadiri anavyoumia. Likwata alipanga tisa. Siku ya pili tisa, na ya tatu vilevile. Ndipo Mastura alipomuuliza kama kuna mahali zinapungua.

Mzee alitazama mlangoni kwanza, kisha akaondoa nane. Alisema huwa anatoroka alfajiri kwenda Nakihu kupalilia mikorosho yake na kumwaga unga wa tambiko kwenye kaburi la mama yake. Huko hulima mpaka jua la utosi, na mgongo wala haumjui. Akirudi, akiiona tu bendera ya ofisi ya kijiji, kiuno kinawaka.

Mastura aliandika mpaka wino ukamwishia. Walimu wake walimfundisha kwamba mwili uliopigwa hubaki ukimngoja mpigaji hata akiwa ameshakwenda zake. Hapa mpigaji hakuwa amekwenda popote.

Wiki hiyo hiyo halmashauri ya kijiji iliamua Likwata achapwe fimbo ishirini hadharani, akome kujifanya mgonjwa. Mastura akaomba asikilizwe. Mboni, mke wa mzee, alimvuta kando akamsihi aseme mumewe ni mgonjwa, basi, asiongeze neno. Mastura akamtoa wasiwasi. Neno tupu hawataliamini, alimwambia. Ushahidi ndio utakaomwokoa.

Akasimama mbele yao, akaeleza kwa utaratibu, kama alivyofundishwa. Kwamba maumivu ya mzee ni ya kweli. Kwamba yanachochewa na hofu, na ndiyo maana akiwa Nakihu hupungua, hata hushika jembe.

Kisha Hasani akacheka taratibu.

"Kumbe mgongo una akili kuliko mwenyewe," alisema. "Ukiona jembe la kijiji unaumwa, ukiona korosho zake unapona. Haya, twende tukautibu kulekule."

Mgambo walimfunga Likwata kamba mikononi, wakamburuta mwendo wa saa tatu. Mastura alikimbia nyuma yao akisema, na hakuna aliyegeuka. Walipofika wakampa Likwata shoka, aikate mikorosho yake mwenyewe. Kila aliposita walimchapa miguuni, mabegani, shingoni. Mti wa kwanza ukaanguka, wa pili, wa sita. Mastura alimrukia Hasani mkono. Alipigwa kofi lililompasua mdomo, na mgambo wawili wakamshika wamlazimishe kutazama. Kwenye mti wa saba, uliolifunika kaburi kwa kivuli chake, Likwata alilitupa shoka. Hasani akamlaza kifudifudi, akamkanyaga kiuno kwa buti, akakanyaga tena na tena, mpaka mzee akaacha kupiga kelele. Miti iliyobaki waliikata wenyewe, wakaitia moto, wakaondoka.

Mastura akapiga magoti kando yake, damu ikimdondoka kidevuni. Alimwomba radhi. Akaanza kumweleza kwamba alitaka tu wajue kuwa mzee si mwongo.

"Ungesema naongopa, mwanangu," alisema Likwata, shavu lake likiwa mchangani. "Zingekuwa fimbo ishirini, zikaisha."

Mboni alikuwa amewafuata kwa mbali, akajificha vichakani mpaka mgambo walipotokomea. Hakulia. Alitandaza kanga zake mbili, moja juu ya nyingine, wakamviringisha mzee ndani yake. Mastura akaenda upande wa kichwani.

"Shika miguu," Mboni alimwambia. "Mgongo wake usiuguse."

Mastura akashika miguu. Walimbeba hatua chache chache, wakimtua na kumwinua. Na kila walipomtua, mzee aliuliza kama bado wako Nakihu.