Kinyozi wa Kona

Kinyozi huyu alikuwa na duka la viti viwili jirani na kituo cha mafuta, na kiti kimoja kilikuwa kibovu, kwa hiyo tuseme tu alikuwa na duka la kiti kimoja. Wateja tulisubiri zamu kwenye benchi refu, na ukikaa pale, upende usipende, ungesikia habari za Kona.

Kona alikuwa dereva wa mbio za magari. Jina lake la kuzaliwa alilijua mkewe na watu wa bima. Sisi wengine tulimwita Kona kwa jinsi alivyozikata kona, gari linakwenda ubavuubavu, mkono mmoja nje ya dirisha kana kwamba anampungia shangazi yake. Kinyozi alikuwa na miaka kumi na tisa alipomwona mara ya kwanza. Alikuwa amepanda ukingo wa barabara ya vumbi na umati wa watu, gari likapita, kokoto ikaruka kutoka kwenye tairi ikampasua juu ya nyusi. Akashonwa nyuzi nne. Kovu lile alilionyesha kwa watu kama wengine wanavyoonyesha cheti cha shule.

Mara tatu Kona alipinduka na gari, na mara zote alitokea dirishani akijipangusa suruali. Akastaafu mzima, kila kiungo mahali pake. Mwaka wa sita wa kustaafu, Jumanne moja asubuhi, alipanda juu ya paa la nyumba yake kutazama tangi la maji lililokuwa linavuja, akateleza. Hakuanguka kutoka juu sana. Lakini alitanguliza kichwa.

Habari ilipofika dukani, kinyozi alizima mashine akiwa katikati ya kichwa cha mteja.

"Paa!" alisema muuza vipuri, mzee mnene ambaye duka lake lilitazamana na lile na ambaye hakukosa siku kwenye benchi. "Mtu kama yule auawe na paa la nyumba?"

"Hajafa," kinyozi alimkata kauli. "Usimzike mtu aliye hai."

Mteja alikaa na nusu kichwa karibu saa nzima bila kulalamika. Naye alikuwa shabiki.

Miezi mitano baadaye aliingia mwanamke mwenye sweta ya kijivu, macho yamemwingia ndani kwa kukosa usingizi.

"Fundi, huwa unaenda kunyoa majumbani?"

"Naenda, mama. Ni mgonjwa?"

"Mume wangu. Hospitalini walikuwa wanamshika mikono ndipo wamnyoe. Sasa akiona wembe anapiga kelele. Nimejaribu mwenyewe, nikamkata." Alinyoosha kidole ukutani, kwenye picha zilizokatwa magazetini. "Ni huyo hapo."

Ijumaa iliyofuata, saa nne asubuhi, kinyozi alifika amevaa shati lililopigwa pasi. Maneno ya kumwambia Kona alikuwa nayo tangu ujana wake. Alimkuta mtu mkubwa kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi magotini, ndevu zimemjaa usoni mpaka shingoni, mkono wa kulia umejikunja kama wa mtoto mchanga.

"Shikamoo, mzee."

Kona alimtazama kama mtu anavyotazama ukuta. Kinyozi akayaacha maneno yake, akaomba maji ya moto.

Siku ile hakutoa wembe. Alimkanda mashavu kwa taulo la moto, akaaga. Ijumaa ya pili alipiga povu tu. Ya tatu alimpa brashi aishike, na Kona akampaka kinyozi povu puani, shavuni, mpaka kwenye sikio. Kinyozi akatulia. Kisha akatoa wembe, akajinyoa mwenyewe polepole mbele yake, akauosha, akamgusa nao Kona chini ya shavu. Kona hakupiga kelele. Alishtuka, akakaza shingo, akaacha. Mke alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni.

Tangu hapo ikawa kila Ijumaa. Kazi ya dakika kumi ilichukua saa nzima na zaidi, maana kila wembe ulipomgusa alishtuka upya. Neno pekee alilolitamka lilikuwa "maji", na hilo nalo si kila wiki.

Dukani nako tulikuwa tunamngoja. Ijumaa ile ya kwanza benchi lilijaa, wengine wamesimama. Seremala, mteja wa miaka mingi, alikuwa amevua kofia.

"Haya, tueleze," alisema. "Amesema nini?"

Kinyozi alitutazama nyuso zetu moja moja. Baadaye alinieleza kwamba alikuwa amekata shauri kusema kweli, ila ulimi ulimponyoka.

"Amewasalimu," alisema.

Mtu mmoja akapiga makofi. Wiki iliyofuata Kona alikuwa ameuliza nani anaongoza mbio mwaka huu. Baada ya miezi miwili alikuwa anawacheka madereva wa siku hizi, anatembea mpaka getini, na anaikumbuka klachi ambayo muuza vipuri alimpelekea porini kwa baiskeli miaka ishirini na miwili iliyopita. Muuza vipuri aliposikia hilo alitoka nje, akasimama peke yake kidogo, akarudi macho mekundu. Mimi niliamini kila neno.

Ndipo likaja wazo la kwenda kumpongeza siku yake ya kuzaliwa. Muuza vipuri alizunguka gereji zote na maegesho ya teksi, akapata magari thelathini na moja.

"Bado hana nguvu," kinyozi alimwambia. "Tumwache kwanza."

"Si umesema anatembea mpaka getini? Atatoka atupungie mkono, basi. Tutakaa muda gani kwani?"

Jumapili asubuhi kinyozi alitoka kwa miguu mapema amwonye mke, akafika getini tukiwa tayari tunaingia mtaani.

Nilikuwa kwenye gari la kwanza, la muuza vipuri. Tulipiga honi wote kwa pamoja na kukanyaga mafuta, injini zikanguruma kama siku za mashindano, watoto wakatoka mbio majumbani. Geti lilikuwa wazi. Mke alikuwa amemtoa Kona barazani aote jua.

Kona aliziba sikio kwa mkono mmoja ulioweza kunyooka. Akateleza kutoka kwenye kiti, akajaribu kuingia chini yake, mtu mkubwa vile, mguu mmoja unasukuma sakafu. Suruali ililowa. Mkewe alimlalia juu amkinge, na kinyozi akatanua mikono katikati ya barabara.

"Zimeni! Zimeni injini, jamani!"

Gari la kwanza likanyamaza, la pili, la tatu, mpaka la mwisho kule nyuma. Hapo ndipo tukaisikia sauti ya Kona. Sitaieleza.

Muuza vipuri alishuka, akausindika mlango bila kuubamiza, akaanza kulisukuma gari lake kwa bega. Nikashuka nikamsaidia. Tulipogeuka kuangalia nyuma, kila mtu alikuwa ameshuka. Magari thelathini na moja tuliyatoa mtaani kwa kuyasukuma, na kipande cha mwisho ni mlima. Muuza vipuri alikuwa analia waziwazi, anajifuta kwa bega kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi.

Kesho yake kinyozi alitusimamisha wote dukani. "Hajawahi kuwasalimu. Hajui kama mpo. Maneno yote yalikuwa yangu."

Seremala alivaa kofia yake, akaondoka, na hakunyoa tena pale. Muuza vipuri aliinamia sakafu iliyojaa nywele.

"Hata lile la klachi?"

"Hata hilo."

Ijumaa kinyozi alikwenda akijua anakwenda kufukuzwa. Mke alimkaribisha jikoni, akamvutia kigoda.

"Nimesikia ulikuwa unawaambia watu maneno yake. Alisema nini?"

"Mama, nisamehe."

"Nakuuliza alisema nini."

Akamweleza yote, tangu salamu mpaka mzaha wa madereva wa siku hizi. Mwanamke alisikiliza mpaka mwisho, machozi yanamdondokea kwenye sweta.

"Angeweza kusema hivyo," alisema. "Hivyohivyo kabisa. Mimi pia naongea naye, fundi, halafu najijibu mwenyewe." Akajifuta uso. "Usiache kuja. Na hao wenzako, wanaotaka kumwona waje mmoja mmoja, kwa miguu. Wasiniletee kelele."

Wakaja. Muuza vipuri alitangulia. Aliushika ule mkono uliojikunja, akakaa nao dakika kumi, akaondoka. Mimi nilikwenda mara nne. Kona hakututambua hata mmoja, lakini alizoea kuwa na mtu pembeni.

Mwaka wa pili, msimu wa baridi, mapafu ya Kona yalijaa maji. Alikaa kitandani siku tisa, akafariki asubuhi. Mkewe alimwita kinyozi amnyoe kabla watu hawajaingia. Kinyozi alipiga povu, akauweka wembe chini ya shavu, akasubiri kidogo kama kawaida. Kona hakushtuka. Hapo ndipo kinyozi alipoangua kilio, na mke akamshikia bakuli la maji mpaka alipoweza kumaliza.

Mjane alihamia kwa dada yake mji mwingine. Muuza vipuri ameacha kuja kwenye benchi tangu miguu ilipomshinda. Wateja wapya wanauliza, yule dereva wa picha alikuwa mtu wa namna gani? Kinyozi anawajibu lile alilolijua kwa mikono yake, kwamba alikuwa na ndevu ngumu, na shingoni, upande wa kushoto, zilikuwa zinaota kwa kupanda juu. Kisha anamwomba mteja ainamishe kichwa.