Darubini ya Baba na Betri Ambayo Haikuwamo

Baba yangu, Tobias Hershberger, hutengeneza hatamu za farasi. Mwaka juzi alimpiga kulungu jike kwa bunduki kuukuu ya kuazima, risasi ikaingia tumboni. Tulifuata damu siku mbili tusimpate. Baba akaapa hataua tena mpaka apate bunduki inayopiga pale jicho linapotazama. Baridi ile tulikula maharage mpaka mdogo wangu Amos akawa anaomba baraka ya chakula amekunja uso.

Mwaka huu akaenda dukani. Muuzaji akamwomba kitambulisho chenye picha. Sisi Waamishi, Wakristo wa Marekani tunaoishi bila umeme wala magari, hatupigwi picha.

"Hata ya harusi huna, mzee?"

"Mke wangu namkumbuka bila picha," Baba akajibu, akavaa kofia yake akatoka.

Basi akamwendea jirani yetu Dwayne, mtu wa nje asiye Mwamishi, anayetubebea maziwa kwa lori lake. Alikuwa na bunduki ya marehemu mama yake, nyepesi, kitako kimechubuka, naye alikuwa tayari kumwuzia rahisi.

"Usione kichubuko ukaikataa," Dwayne alisema. "Risasi yake ni ndogo, haikupigi bega, kwa hiyo hutafumba macho. Hela uliyookoa nunua darubini nzuri ya kulengea, ya kufunga juu ya bunduki, na risasi za kujaribia. Watu hununua bunduki ya kifalme wakaiwekea darubini ya mtoto."

Tulikwenda machimboni kuijaribu. Kila Baba alipokwenda kutazama karatasi ya shabaha, Dwayne alifungua kifuniko kidogo ubavuni mwa darubini, akatia sarafu kwenye mfuo wa skrubu, akazungusha. Ka, ka, ka. Risasi zikahama taratibu kuja katikati. Mwisho matundu matatu yangefunikwa na kizibo cha chupa. Baba akacheka kwa sauti. Nilishtuka, sikujua ana kicheko kama kile.

Jumapili akaja mjomba Yost, kaka yake Mama.

"Darubini za siku hizi zina betri, shemeji. Zinawasha nukta nyekundu. Utawinda kwa umeme sasa? Si ungefunga na taa ya gari kwenye kigari cha farasi!"

Mgeni alipoondoka Baba akaichukua bunduki, akaketi dirishani. Nilikuwa pembeni, nimempakata mdogo wetu mchanga. Akafungua kile kifuniko cha ubavuni, akaona mfuo, akachomeka sarafu. Ka, ka, ka, ka, akitafuta pa kufungulia betri. Hapakufunguka. Akarudisha kifuniko.

"Hamna betri," akasema peke yake, ameridhika.

Nilijua alichokifanya. Mdomo haukufunguka. Mimi ni msichana wa darasa la nane, na kwetu hapo ndipo shule inapoishia; nitamfundisha nini Baba? Nikajiambia lazima anajua.

Siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda tulikaa chini ya msonobari, vizibao vya rangi ya chungwa juu ya makoti yetu meusi ili wawindaji wengine watuone. Kulungu jike akatokea, ubavu wazi, kichwa kulia. Baba akavuta pumzi, akafyatua.

Mnyama akajikunja mgongo. Akapiga hatua tatu akasimama, tumbo likitoka damu. Tumbo tena! Baba akawa mweupe kama theluji. Akavuta komeo la bunduki kutia risasi nyingine, akalenga palepale pa mwanzo.

"Risasi inakwenda kushoto, Baba," sauti ikasema. Ilikuwa yangu. "Lenga mbele ya kifua."

Akanigeukia, macho yamemtoka. Kisha akalenga mbele, akafyatua. Kulungu akaanguka hakuinuka.

"Umejuaje?"

Nikamweleza. Sarafu, mfuo, Jumapili, shabaha iliyohama.

"Ulijua tangu Jumapili?"

"Ndiyo, Baba."

"Ukaniacha nije nimtese kiumbe wa Mungu mara ya pili?"

Nilingoja anifokee. Hakufoka. Aliketi kwenye theluji kama mtu aliyesukumwa.

"Mama yako hunigombeza mbele ya wageni nikizidisha chumvi kwenye nyama. Wewe unaniogopa kiasi hicho, Malinda?"

Nilitazama buti zake. Miaka yote nilidhani kunyamaza ni adabu, kumbe sasa alikuwa ananitazama kana kwamba nimempiga risasi yeye.

"Shika mguu wa kulungu," akasema mwishowe. Tukampasua. Nyama ya karibu na tumbo iliharibika, tukaitupa.

Jioni Mama alikaanga ini na vitunguu. Baba akakata kipande, hakukila. Mbele ya watu wote wanane wa meza ile akauliza, "Malinda, kuna kingine ulichokiona ukanyamaza?"

Meza nzima ikanigeukia. Hata Amos akaacha kutafuna. Nikaweka uma chini, na kwa mshangao wangu mwenyewe, nikaanza kusema.