Kidole cha Sita

Kapita aliyesimamia depo ya unga katika kambi yetu alikuwa na mikono myeupe hadi viwikoni. Akifikiri, alisugua kinundu kidogo kando ya kidole chake cha mwisho, kama mtu anayetafuta kifungo cha shati. Paka wake wa kijivu aliyalinda magunia na panya. Kila alipozaa, kapita alichuchumaa, akafungua nyayo za kila mtoto kwa kidole gumba, akahesabu. Wenye vidole sita aliwatia katika gunia tupu na kuwapeleka mtoni. "Hii iko ya bulozi," alisema, yaani ya uchawi, nasi tuliopanga mstari wa posho tukaitikia kwa kichwa. Mimi pia niliitikia.

Kisha mama yake kapita akaja kwa treni kutoka Kamina, akamkuta ameshika kitoto cha paka, anahesabu. Akauchukua mkono wa mwanawe, akabonyeza kile kinundu. "Mwana wangu, na weye ulizaliwaka na sita. Nilifungaka ile moya na uzi, ikakauka, ikaanguka. Sikukutupaka."

Kapita alikirudisha kitoto kwa paka, na hakwenda tena mtoni. Kila asubuhi alimwekea paka maziwa ya kopo. Paka alingoja aondoke ndipo anywe, na kapita akiinama tu, paka alimshika mwanawe kwa shingo na kumpeleka nyuma ya magunia. Mwishowe kapita akawa anapita pale mikono yake ikiwa mifukoni.