Jina la Bi Zuhura Kwenye Hitma

Nilimwitikia dua ya maiti mwanamke aliyeketi nyuma ya pazia, hatua chache kutoka nilipokaa, akiwa na kikombe cha kahawa mkononi. Na si mimi peke yangu, ukumbi mzima wa madrasa uliitikia "Allah amrehemu", na kosa ni langu. Nasema mwenyewe kabla hamjaambiwa na watu wa kijiji cha Matondoni, maana wao wanaongeza chumvi.

Kila mwaka kabla ya Ramadhani, hapa kwetu kisiwani Amu tunasoma hitma moja, kisomo cha kuwaombea marehemu wa jamaa zote, majina yakisomwa moja moja. Zamani yaliletwa kwa vikaratasi. Siku hizi kila kijiji kina mtu anayeyaandika kwenye jedwali la kompyuta na kuliweka kwenye folda yetu ya mtandaoni, nami (karani wa madrasa, niliyejifunza kuandika programu kwa video na ukaidi) nilitengeneza skripti ya kuyakusanya yote yawe orodha moja.

Asubuhi ya hitma skripti ikagoma. Mafaili yote yalisomeka isipokuwa moja la kijiji cha Pate, dogo mno, ambalo nikifungua folda kwa macho yangu silioni kabisa (hilo pekee lingetosha kunishtua). Ningepiga simu Pate, yangeisha. Badala yake nikaongeza mistari miwili: faili likikataa kusomeka, chota humo maandishi yoyote yanayofanana na jina. Kosa likatoweka, nikajipongeza, nikachapisha orodha, nikampa Maalim bila kuisoma.

Baada ya alasiri Maalim akasoma taratibu hadi akafika: "Zuhura binti Shee." Tukaitikia. Nyuma ya pazia kikombe kikaanguka.

"Maalim! Zuhura binti Shee ni mimi, na kahawa sijamaliza!"

Watu wakacheka, kisha wakakumbuka kwamba Bi Zuhura, mwenye kutunza orodha ya Pate, alikuwa amepitia Amu tu. Kesho yake alikuwa apande ndege uwanja wa Manda, aende Mombasa kufanyiwa upasuaji wa moyo.

Akaniita mlangoni. "Bwana Athumani, nani meniandika?"

Nilikuwa nimeshakimbilia kompyuta, nikamweleza: mtu akifungua jedwali, huzuka kando yake faili dogo lililofichika, lenye jina la aliyelifungua, ili wengine wajue linatumika, akilifunga, lile dogo linajifuta. Skripti yangu ilichota jina humo.

"Yaani liko wazi kwa jina langu? Sasa hivi?"

"Sasa hivi, Bi."

"Kompyuta yangu iliingia maji ya bahari mwaka jana, haiwaki. Orodha ya mwaka huu nimeandika kwa simu ya mwanangu." "Hukuuliza mtu, ukauliza mashine."

Mombasa alikwenda, ila akakataa kutia sahihi ya upasuaji kabla jedwali halijafungwa: hapasuliwi, alisema, na orodha ya maiti iko wazi kwa jina lake. Kila asubuhi simu: "Lishafungwa?" Nami: "Bado, Bi." Siku ya tatu mwanawe akanipigia akilia, daktari amesema mwisho ni adhuhuri, asipokubali nafasi yake anapewa mgonjwa mwingine. Nikalifuta lile faili dogo kwa mkono wangu, nikampigia: "Limefungwa." Akatia sahihi.

Amerudi mzima, alhamdulillahi, na kila akipita madrasa anauliza kwa sauti watu wote wasikie: "Athumani! Leo mimi ni hai au ni maiti? Hebu tazama orodha!" Nimeapa: hakuna orodha itakayotoka kwangu sijaisoma jina kwa jina, na faili likinikatalia, napiga simu. Kwamba nililifuta mimi, sijathubutu kumwambia.

Ile kompyuta yake mbovu alinipa niijaribu. Imo kwenye droo yangu, betri nimeitoa. Lile faili dogo lilirudi siku ileile niliyolifuta, adhuhuri ikiwa imepita kidogo, na jina lake humo. Nimetazama tena leo asubuhi. Bado lipo.