Ndiyo ya Shangazi

Kuna tarakimu moja ambayo sitaiandika hapa. Nimeisikia redioni, nimeisikia mikutanoni, nimeisikia vinywani mwa watu wasioweza kukuonyesha kijiji cha Wema kiko upande gani wa mto Tana. Anayeitaka akamuulize mheshimiwa mbunge. Mimi sitamsaidia kuieneza.

Jinsi ilivyopatikana, hilo naweza kulieleza, kwa kuwa nilikuwepo.

Nina kibanda mjini Garsen. Nauza kredo na laini, nachaji simu za watu. Shangazi yangu, dada yake baba, analima mpunga na ndizi kule Wema. Mume wake alipooza upande mmoja zamani kidogo, na tangu hapo hakuweza kutembea. Mto ukifurika, jirani hubeba godoro lake na kuku wake akaenda zake. Shangazi alihitaji siku nzima. Kwanza atafute vijana wenye nguvu, kisha mtumbwi mpana, kisha mzee afungwe vizuri kitandani asije akateleza majini. Bila siku hiyo, mzee hatoki. Na siku hiyo ilitoka kwenye simu.

Kule Hola, mto unakotokea, kulikuwa na mama mmoja muuza samaki aliyeanzisha grupu. Maji yakipita Garissa, mtu wa huko humwambia, naye hutoka kwenda kuutazama ukingo kwa macho yake, halafu hutuma sauti kwa Kipokomo. Mwenzake huirudia kwa Kiorma ili wenye ng'ombe nao wasikie. Kwa shangazi simu yenye intaneti ilikuwa moja, ya mwanawe, na boma zima lilikusanyika kuisikiliza.

Desturi yetu ilikuwa kutuma kwanza, bila kungoja uhakika kwamba maji yatatufikia. Tana hauna ahadi. Maji mengine huingia kwenye mikondo ya kale, mengine husambaa vichakani yakaishia huko. Utaambiwa yanafika Jumanne, yafike Alhamisi, au yasifike kabisa. Hakuna aliyekasirika. Watu walishuka kutoka mwinukoni na masufuria yao wakitaniana, na mzee, aliyekwisha kupandishwa juu na kurudishwa bure mara nyingi, alicheka kwa ule upande wa mdomo uliobaki kucheka.

Jumapili moja nilikuwa nimekwenda kuwasalimia. Akaja binti wa utafiti na tableti yake, mpole, amejifunga kitambaa puani kwa vumbi. Akapewa kiti. Baada ya kuuliza umri na kazi, akauliza, "Mama, umewahi kupokea kwenye simu habari ambayo baadaye ilionekana si ya kweli?"

Shangazi akafikiri. Huyu ni mwanamke asiyeweza kudanganya hata anapouza ndizi. Atakuonyesha mwenyewe ile iliyopondeka.

"Eeh," akasema. "Ile ya maji. Tuliambiwa yanakuja, hayakuja."

"Kwa hivyo ni ndiyo?"

"Ndiyo."

Nikaingilia. "Dada, hiyo si habari ya uongo. Hilo ni onyo la mafuriko. Bila hilo huyu mzee unayemwona hapa hayupo."

"Nakuelewa, kaka," akasema, na nadhani kweli alinielewa. "Lakini hapa nina ndiyo na hapana tu."

Akabonyeza. Akaenda nyumba ya pili, na ya tatu. Nani Wema hakuwahi kupanda juu bure? Wote wakasema ndiyo. Walikuwa waungwana, walimjibu mgeni ukweli.

Mara ya pili kukutana na ndiyo ile ilikuwa redioni, kwenye mjadala wa sheria mpya. Mheshimiwa alitaka wenye magrupu washtakiwe wakituma habari isiyothibitishwa, na intaneti izimwe sehemu zenye "joto". Akaisoma tarakimu yake, iliyotoka kwenye utafiti ule, polepole, kama anayesoma maandiko. Watu kiasi hicho wa delta, akasema, wamelishwa uchochezi kwenye simu zao. Uchochezi! Alijua anachofanya. Watu wa mbali wakisikia delta ya Tana hukumbuka mapigano ya mkulima na mfugaji, hawakumbuki kingine. Akachukua maji ya shangazi akayageuza kuwa mapanga.

Nikamsubiri mpinzani wake amnyooshe. Loo! Huyo naye akatoa tarakimu yake: karibu kila mkaazi wa kaunti hii, ati, yuko kwenye intaneti kila siku, kwa hivyo kuizima ni kuua uchumi. Nilitaka kuitupa redio barabarani. Alikuwa amehesabu laini. Laini nauza mimi! Mtu wa Tarasaa ana mbili kwa sababu mtandao huu unashika karibu na shule na ule unashika karibu na msikiti, na zote mbili zimo ndani ya mulika mwizi, kile kisimu cha tochi kisichojua intaneti ni kitu gani. Hata aliyekuwa upande wetu alitutetea kwa hesabu chafu. Hakuna kati yao aliyeuliza tunatumia simu kwa nini. Nilipiga simu studio. Mtangazaji akaniambia muda umekwisha, nimsalimie nani? Nikakata.

Sheria yenyewe ilikuwa haijapita. Haikuhitaji kupita. Yule mama wa Hola aliusikia mjadala kama sisi sote, na siku iliyofuata akatuma sauti yake ya mwisho. "Nina watoto," alisema. "Siwezi kufungwa kwa ajili ya maji ambayo huenda yasifike. Nisameheni, jamaa zangu." Akalifunga grupu. Simlaumu hata kidogo.

Maji yalikuja alfajiri, bila mtu kutuma chochote. Shangazi alishusha miguu kutoka kitandani akakanyaga maji. Mtumbwi uliokuwa karibu ulikuwa umekwisha kuchukuliwa na mto. Majirani wakang'oa mlango, wakamlaza mzee juu yake, wakaenda naye maji yakiwafika kifuani, na yeye yakimpita mwilini njia nzima. Walimfikisha juu, kando ya barabara, akiwa hai. Lakini baridi ilikuwa imekwisha kumwingia. Alikohoa hemani siku kadhaa, nikawa nampelekea dawa na chai ya tangawizi, kisha akaacha kukohoa. Tulimzika kule kule juu, kwenye ardhi isiyo ya kwao, kwa kuwa kwao kulikuwa chini ya maji.

Mheshimiwa alifika na lori la unga na mablanketi. Alivaa viatu vya mpira vipya kabisa, vingali vinang'aa. Akatupa pole. Kisha, mbele ya kamera, akasema kuna jambo la kujivunia hata katika msiba: safari hii delta haikuwa na taharuki ya mitandaoni. Akataka tuthibitishe wenyewe.

"Nani hapa amepokea habari ya uongo kwenye simu msimu huu? Ainue mkono."

Nilimtazama shangazi. Alikuwa ameketi chini, kanga kichwani, karibu na magunia. Nilitamani auinue. Nilitamani asimame apige kelele, adanganye mara moja tu maishani mwake. Nami pia sikuwa na uongo wowote wa kuonyesha. Simu yangu msimu mzima ilikuwa kimya.

"Mama, wewe?" akamuuliza, kwa sababu alikuwa mbele.

"Hapana," shangazi akasema. "Mimi sikuletewa habari yoyote."

"Mnaona?" akasema mheshimiwa, na msaidizi wake akaandika. Watu wakapiga makofi, maana unga ulikuwa bado haujagawanywa.