Nyota ya Daudi Huko Al-Naseem

Juzi binti yangu alirudi kutoka shule ya Jumapili na nyota ya karatasi, pembe sita, gundi bado mbichi. Badala ya kumsifu, nilihisi uso ukiniwaka kwa aibu. Keti, rafiki yangu, nikusimulie.

Nilipokuwa na umri wake, kwetu magharibi mwa Kenya, mwalimu wetu wa Jumapili alikuwa mama mfinyanzi. Alitufundishia nyuma ya kanisa, karibu na jiko, uji wa wimbi ukitutoa mate. Tulichota udongo mtoni tukafinyanga kinara cha Wayahudi chenye matawi saba. Magombo ya Torati tuliyakunja kwa karatasi za sukari na vijiti. Nyota ya Daudi tuliisuka kwa mafunjo. Alizoea kusema, "Hivi ni vitakatifu vya wenyewe. Mgeni hachezei vyombo vya mwenyeji." Tulivishika kama mayai.

Nilipokua nikaenda Riyadh kufanya kazi za nyumbani, kama wasichana wengi wa miaka ile. Nilipata nyumba mtaa wa Al-Naseem: baba, madam, na binti yao wa miaka sita aliyenishika sketi hata nikipiga pasi. Adhuhuri moja ya likizo, joto limetufungia ndani, akalia kwamba hana la kufanya. Nikakata pembetatu mbili kwenye boksi la viatu, nikamwonyesha zinavyolaliana. Akazipaka buluu, ulimi nje. Nikamwambia ni nyota ya Daudi, alama ya Wayahudi.

Baba alipoingia, mtoto alimkimbilia. "Baba, tazama nyota ya Mayahudi!"

Baba hakupiga kelele. Aliirarua polepole. Madam ndiye aliyesema, "Nimekupa mtoto wangu, wewe unamfundisha nini?"

"Madam, tulikuwa tunacheza tu."

"Halas, basi! Mafi kucheza, hakuna. Funga mizigo."

Mtoto alinitazama kana kwamba nimemlisha sumu.

Wakanihamishia Jeddah kwa mama yake madam, bibi aliyeishi peke yake Al-Hindawiyah. Hakuambiwa kisa, na kwa kuwa mfanyakazi hafukuzwi bure, akaifungia dhahabu yake. Nikawa napika kahawa ya iliki nimeinamisha kichwa. Mwishowe akaniuliza, "Uliiba nini kwa binti yangu?"

Nikamweleza huku nikilia. Akaniongoza hadi kwenye sanduku lake la harusi. Katikati ya nakshi palikuwa na nyota ya pembe sita.

"Khatamu ya Suleimani, muhuri wa nabii," akasema. "Aliniachia mama yangu. Na hii tuirarue?"

Tulicheka, naye akampigia binti yake simu amweleze. Madam alikata.

Miaka ikapita, wakaja kumtembelea bibi. Yule mtoto alikuwa amerefuka. Niliponyoosha mikono kumpokea begi, akalikumbatia kifuani, akasema, "Salaam," kama anayesalimia watu wa njiani, akapita. Nikabaki mlangoni na mikono yangu hewani, sijui niiweke wapi.

Bibi amefariki sasa, na mtaa wake nasikia umebomolewa. Watu wengi wameulilia. Lakini yule msichana wa miaka sita, aliyepaka rangi ulimi nje, alikuwa ametoweka kitambo, na sidhani kuna aliyemlilia ila mimi.