Barua za Mjomba Hamadi na Majambazi wa Benki

Wenzangu mliokulia huku ughaibuni kwa Waarabu, mtaa wa Al Muraqqabat, miaka ile ya elfu mbili na ushei mtanielewa: enzi zetu barua haikuja na posta, ilikuja na mtu. Anayetoka nyumbani alifika na begi linalonuka karafuu na dagaa, na chini kabisa, baina ya kanga, bahasha zetu. Tulizisubiri kama tunavyosubiri Idi.

Za Mjomba Hamadi, kaka yake mama, ndizo zilizojaza watu sebuleni. Alikuwa polisi bara, na kikosi chao kilikuwa kikiwasaka majambazi wanne waliopora benki wakakimbilia milimani, kusikoshika simu. Ijumaa, baada ya biriani, baba alivaa miwani akatusomea: wamelala shamba la mahindi, wamekula muhogo mbichi, wamemkamata mmoja chooni kwa mama mkwe wake. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Kesho yake sisi watoto tuliugeuza ujia wa ghorofa ya tatu kuwa milima, tukafukuzana mpaka mlinzi wa jengo apande kutufurusha: "Yalla, khalas! Ndani!" Kila mtu alitaka kuwa jambazi. Mimi, kwa kuwa mjomba ni wangu, nililazimishwa upolisi, nikachakaza ndala.

Watatu wakakamatwa. Akabaki mmoja, mwenye bunduki, na barua zikakatika. Miezi miwili mama hakuimba jikoni.

Jumatatu moja adhuhuri akabisha hodi Mzee Seif, katoka Unguja jana yake. Mama akamletea kahawa na halua. Mzee akalisogeza sinia pembeni taratibu.

"Nisamehe mwanangu, leo sitii kitu mdomoni. Mumeo yuko wapi? Nina barua ya Hamadi, nimeambiwa nimpe yeye mkononi."

Sasa, kwetu sisi, mjumbe wa msiba hali wala hanywi mpaka aseme alichotumwa, na humwambia kwanza mwanamume wa nyumba. Mama hakuuliza swali la pili. "Kaka yangu!" Ukelele ule uliwatoa majirani wote milangoni. Kufumba na kufumbua makochi yamesukumwa ukutani, mikeka imetandikwa, Bi Zuwena wa mlango wa pili kashika tasbihi, na wengine wameshateleka wali. Nililia sana, maana barua yake ya mwisho sikuwa nimeijibu. Masikini Mzee Seif, kila akifungua mdomo aliambiwa, "Tumeshajua mzee wetu, Mungu atupe subira." Barua imo mfukoni mwake, na hakuna aliyethubutu kuiomba.

Baba alirudi alasiri kutoka ghalani Al Qusais, akakuta nyumba yake imejaa vilio. Akaichana bahasha amesimama vilevile.

"Shemeji, ama baada ya salamu, mimi mzima wa afya..."

"Soma tena!" mama akasema.

Akasoma tena. Mara ya tatu mama akajiachia mkekani, anacheka na machozi yanamtoka. Jambazi wa mwisho alikuwa amekamatwa. Mjomba aliteleza jabalini wakati wa kumkimbiza, akavunjika mkono wa kulia, kwa hiyo barua kaandikiwa na nesi. Akiogopa dada yake asije akashtuka kuona mwandiko mgeni, akaagiza apewe shemeji kwanza! Ndipo Mzee Seif naye akapata nafasi: "Mimi nimefunga sunna ya Jumatatu tu, jamani." Magharibi alifuturu kwa wali wa msiba usio na maiti, na sijapata kula wali mtamu kama ule.

Wanangu leo wako mtaa wa Marina, mji huu huu, simu viganjani. Mjomba wao asipojibu kwa saa moja wanasema kanuna. Akipata mafua wanajua kabla hajapiga chafya ya pili. Huwa nawacheka, na hofu ile sitaki kurudi kuionja, alhamdulillahi. Lakini kidogo nawaonea huruma: hawajawahi kumlilia mtu adhuhuri, wakarudishiwa alasiri.